Umefanyiwa Oparesheni ya Koo Ju ya Apnea? Hivi Ndivyo Wiki Mbili Zijazo Zitakavyokuwa

Ka kuna mtu ashawahi kukuamsha usiku akikuambia "manze, ulikuwa umeacha kupumua," hii ni yako. Na ka tayari umefanyiwa oparesheni ya koo na sai uko kwa keja umeshika simu ju kubonga huwezi, hii ni yako zaidi. Daktari alikuelezea mambo mingi kabla utoke hosi, lakini dawa ya usingizi ilikuwa bado kwa kichwa na hukushika hata nusu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, haraka haraka. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengi haina noma. Kwa wengine kaakaa laini, kimio, tonsili na ulimi zinarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Hewa ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo linahesabiwa kuwa tukio moja. Madaktari wanahesabu matukio ya kila saa: 5 hadi chini ya 15 ni apnea nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ni ya kadiri, 30 kwenda juu ni kali. Piga hesabu mwenyewe: msee wa matukio 40 kwa saa akilala saa 6, mwili umepigania hewa mara 240 usiku mmoja. Halafu watu wanashangaa mbona anasinzia kwa mathree saa tatu asubuhi, mbona kichwa kinauma kila akiamka, mbona presha imepanda na hajafika hata 35.

Na si ugonjwa wa wazee wa vitambi peke yao. Shaquille O'Neal, lile jitu la NBA, alipimwa na wataalamu wa usingizi wa Harvard na video yake ikazunguka mwaka wa 2011. Alipatikana na apnea, akaanza kulala na mashine. Carrie Fisher, aliyeigiza Princess Leia kwa Star Wars, alifariki Desemba 2016, na mwaka uliofuata wachunguzi wa vifo wa Los Angeles wakataja apnea ya usingizi pamoja na mambo mengine yaliyochangia. Watafiti walikadiria mwaka wa 2019 kwamba watu wazima karibu bilioni 1 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wako nayo. Wengi wao hawajui. Wanajua tu kwamba wanakoroma.

Kimekatwa nini hasa?

Mwaka wa 1981 ulikuwa na mambo mawili. Kule Sydney, Colin Sullivan alionyesha kwamba ukimvalisha mgonjwa barakoa inayosukuma hewa puani, njia ya hewa inabaki wazi. Hio ndio mashine ya CPAP, na mpaka leo ndio inapewa watu wazima kwanza. Mwaka huo huo kule Detroit, Shiro Fujita akatoa taarifa ya oparesheni ya kupunguza nyama za koo: tonsili zinatolewa, kimio kinafupishwa au kuondolewa, kaakaa laini linapunguzwa kisha linashonwa. Siku hizi madaktari wengi hawakati sana kama zamani. Wanajaribu kuacha misuli na kuivuta pembeni ndio koo ifunguke.

Usichanganye hii na ile ya kukatwa kimio kijijini. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto wamekatwa kimio na fundi wa mtaa eti kutibu kikohozi, bila ganzi na kwa kisu ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Ka ulikatwa ukiwa mdogo, mwambie daktari wako kabla ya oparesheni ju koo yako haiko venye anatarajia kuipata.

Siku ya kwanza inakudanganya

Utaamka koo ikiuma lakini si kivile. Dawa za chumba cha upasuaji bado zinafanya kazi. Kuna watu hata wanatuma selfi kwa grupu ya mbogi na kidole gumba juu. Wacha wafurahi. Utakaa hosi angalau usiku mmoja, kidole kikiwa kimebanwa na kile kifaa cha kupima oksijeni, na hapo usilete ubishi eti unataka kwenda nyumbani. Koo iliyofura, pamoja na mabaki ya dawa ya usingizi, pamoja na apnea ambayo bado haijaenda popote: usiku huo wa kwanza ndio wanaogopa zaidi.

Noma yenyewe inaanza siku ya tatu. Maumivu ya oparesheni hii hayashuki kila siku kama ya kidonda cha mguu. Yanapanda, yanakaa juu mpaka karibu siku ya saba, halafu ndio yanaanza kushuka. Kwa mtu mzima yanaweza kukaa hadi wiki mbili, wengine zaidi kidogo. Mtoto akitolewa tonsili anaweza kuwa anacheza nje baada ya wiki moja. Wewe sahau. Ka kuna beshte alikuambia "ah, mtoto wangu alipona siku tano," mpotezee.

Masikio nayo yatauma, na yatauma vibaya. Hujapata maambukizi ya masikio. Mshipa wa fahamu unaotoka kwa koo unahudumia pia sehemu ya sikio, kwa hivyo ubongo unachanganya habari. Ukiangalia koo kwa kioo utaona utando mweupe au wa manjano pale tonsili zilikuwa. Wengi wanadhani ni usaha. Ni kigaga cha kidonda, vile kigaga huonekana kikiwa mahali penye mate. Harufu ya mdomo itakuwa mbaya, mbaya hadi mathe atasogeza kiti. Hio pia ni kawaida na itaisha. Joto likipita 38.5 na lisishuke, hapo sasa piga simu hosi.

Asubuhi ndio saa mbaya kuliko zote, ju umelala mdomo wazi na koo imekauka. Ujanja ni kutosubiri asubuhi. Weka alamu usiku, amka, meza dawa, kunywa maji, rudi ulale. Lala ukiwa umeinua kichwa na mgongo kwa mito miwili mitatu. Uvimbe unapungua na hewa inapita vizuri. Beseni la maji karibu na kitanda na taulo mbichi kwa dirisha zinasaidia kidogo ka chumba ni kikavu. Ka ulikuwa unatumia CPAP, uliza daktari siku gani unairudisha, na usijiamulie.

Dawa za maumivu, hapa tafadhali usicheze

Meza dawa kwa saa zilizoandikwa, si wakati maumivu yamekushinda. Ukiyasubiri yapande, hutameza maji, koo itakauka, itauma zaidi, na hutameza tena. Watu wengi wanaorudishwa hosi kuwekewa dripu wamepitia njia hio.

Paracetamol ndio msingi kwa wengi. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye ini zima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, na daktari anaweza kukupunguzia. Angalia pia zile dawa za homa na mafua unazomeza pembeni, ju nyingi zina paracetamol ndani na utajikuta umepita kipimo bila kujua. Uliza ka unaweza kupata ya maji au ile ya kuyeyusha kwa glasi. Aspirini usiguse, inazuia damu kuganda, na baadhi ya tembe za kichwa za dukani zina aspirini bila wewe kujua, kwa hivyo soma karatasi. Ibuprofen iko katikati: kuna madaktari wanairuhusu na kuna wanaoikataa. Fuata wako.

Halafu kuna dawa kali: tramadol, kodeini, mofini. Hizi zinapunguza kasi ya kupumua. Kwa msee mwingine hio ni kitu kidogo. Kwako wewe, ambaye shida yako yote ni kuacha kupumua ukilala na koo sai imefura, ni hatari kubwa. Ka daktari amekuandikia, meza kiasi alichoandika na si tembe moja juu. Usichanganye na keroro, dawa za kulala au dawa za mzio zinazoleta usingizi. Na usikubali tramadol ya beshte wa mtaani aliyebaki nazo kutoka ajali ya boda. Mtu wa keja akikuona unalala mchana hadi huamki vizuri ukiitwa, au midomo inageuka rangi ya bluu, hakuna kusubiri kesho.

Maji kwanza, chakula baadaye

Watu huuliza sana kuhusu dishi. Ukweli ni kwamba maji yana maana zaidi. Lenga lita 2 kwa siku, kwa vikombe vidogo vidogo, hata ka kila kikombe kinakutoa machozi. Ukienda chooni na mkojo uko na rangi ya chai ya rangi, hujanywa ya kutosha. Kipande cha barafu mdomoni kabla ya kumeza kinafanya koo ife ganzi kidogo. Ka una ndugu wa Mombasa anajua kugandisha zile barafu za karatasi, huu ndio wakati wake, lakini ziwe za maziwa au embe tamu. Zile za ukwaju zitakuunguza vibaya.

Siku za kwanza: uji wa wimbi uliopoa, mala, supu ya mifupa vuguvugu iliyochujwa, avokado iliyopondwa, tikiti maji, ndizi mbivu. Baadaye matoke laini, viazi vya kupondwa na siagi, mayai ya kuvuruga, mchele mlaini wenye mchuzi. Blenda ikikosekana, uma na sufuria zinatosha. Vuguvugu au baridi, kamwe si moto.

Za kuacha wiki mbili: chipo, krisps, njugu, chapo iliyokauka pembeni, mutura, kitu chochote chenye pilipili, nyanya, machungwa na ndimu. Ile dawa ya tangawizi, ndimu na asali ambayo kila shangazi atakuletea kwa thamosi, mshukuru halafu umpe mtu mwingine. Asali peke yake kwa maji vuguvugu haina shida ka huna kisukari. Ugali subiri mpaka uweze kumeza bila kukunja uso. Utapungua kilo kadhaa, usishtuke. Zikirudi zote na nyongeza, hio ni stori ingine tutafika.

Jambo moja linaloshtua watu: unakunywa uji halafu unatokea puani. Kaakaa laini ndio mlango unaofunga njia ya pua ukimeza, na mlango huo sai umefura na kushonwa. Kunywa mos mos ukiwa umekaa wima, kidevu kikiinama kidogo. Kwa wengi inaisha ndani ya wiki kadhaa. Ikiendelea miezi, rudi kwa daktari.

Damu

Hapa soma mara mbili. Kuna madirisha mawili ya hatari. La kwanza ni saa 24 za mwanzo, na hapo bado uko hosi. La pili ni karibu siku ya 5 hadi ya 10, wakati vigaga vinabanduka. Ona vile mtego umekaa: siku ya nane au ya tisa ndio maumivu yanaanza kushuka, unajihisi fiti, umechoka na uji, beshte anapita na smokie mbili na kachumbari. Au unaamua kurudi jimu. Au kuna mechi na mko watu kumi mnapiga kelele. Wakati huo huo kidonda kiko wazi.

Mate yenye mstari mwekundu kidogo si ajabu. Damu nyekundu inayoendelea kutoka, mabonge ya damu, kutapika kitu cheusi kama majani ya kahawa, au kujikuta unameza meza bila kuacha usiku: hio ni dharura. Kaa wima, inama mbele, tema damu kwa beseni, usiimeze. Gogomoa maji baridi kisha uteme. Usile kitu ju unaweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Usijiendeshee dinga na usipande boda peke yako. Nenda hosi yenye daktari wa masikio, pua na koo, na enda hata ka imeonekana kuacha, ju mara nyingine damu ndogo hutangulia kubwa.

Kwa hivyo mambo haya yapange kabla ya oparesheni. Kwa wiki mbili usilale peke yako kwa keja. Ka unaishi bedsita peke yako huko Roysambu au Umoja, mwite ndugu, au uende kwa mathe. Usisafiri ushago mahali hosi iko saa nne mbali, hata ka hewa ya huko ni safi. Weka namba ya hosi, ya ambulensi na ya jirani mwenye gari kwa simu ya mtu mwingine pia. Ukiwa unatokwa na damu huwezi kubonga.

Mboka, sauti na raha

Omba likizo ya wiki mbili. Usikubali bosi akupe moja eti ni tonsili tu. Ka kazi yako ni ya mdomo, kwa mfano makanga, mwalimu, emsii, mhudumu wa simu, ongeza siku. Sauti itakuwa ya puani mwanzoni na sauti za huko nyuma kama gh ya ghali zitatoka vibaya kwa muda. Wanamuziki waongee na daktari kabla ya kukatwa, si baada. Na kuna watu wanabaki na hisia ya ukavu, au kama kitu kimekwama kooni, kwa miezi. Wachache haiishi kabisa. Mtu akikuambia oparesheni hii haina madhara ya kudumu, anakuuzia kitu.

Fegi, vepi, shisha na keroro: wiki mbili kavu, na ukiweza usirudi. Keroro inalegeza misuli ya koo, kwa hivyo hata ukipona ndio inarudisha apnea usiku huo. Veve nayo ni kutafuna, kukausha mdomo na kukesha, yaani vitu vitatu koo yako haitaki. Mazoezi mazito na kubeba mitungi ya maji, subiri mpaka daktari aangalie koo.

Umeacha kukoroma. Je, umepona?

Hapa ndipo wengi huanguka. Wiki chache za kwanza unaweza kukoroma hata zaidi ju ya uvimbe, na mtu wako atasema doo zimepotea. Halafu uvimbe unaisha, usiku unakuwa kimya, kila mtu anasherehekea, na daktari hamuoni tena.

Lakini kelele na ugonjwa ni vitu viwili. Kukoroma ni nyama laini inayopepea. Ukiipunguza, kelele inaweza kuisha huku ulimi bado unaangukia nyuma na kuziba hewa kimya kimya. Umeondoa kengele na moto bado unawaka. Uchambuzi mkubwa wa mwaka wa 1996 ulipata kwamba oparesheni hii ya kaakaa ilifaulu kwa kipimo cha usingizi kwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 tu, wakichukuliwa wote pamoja. Wenye tonsili kubwa na ulimi uliokaa chini wanafanya vizuri zaidi. Kuna jaribio la Sweden la mwaka wa 2013, la wagonjwa 65 waliochaguliwa vizuri, ambapo matukio yalipungua kwa wastani wa asilimia 60, kutoka karibu 53 kwa saa hadi karibu 21. Hio ni kazi kubwa. Lakini 21 bado ni apnea ya kadiri. Msee wa 21 anayeendesha nganya usiku kutoka Nairobi hadi Kisumu akijua amepona ni hatari kwa abiria wote nyuma yake.

Kwa hivyo oparesheni yako haijaisha koo inapopona. Inaisha ukirudia kipimo cha usingizi, kwa kawaida miezi 3 hadi 6 baadaye. Chukua tarehe hio kabla ya kutoka hosi, na uliza mapema ka SHA au bima ya mboka itakilipia, ju gharama ndio hufanya watu waruke hatua hii. Mwambie unayelala naye asikilize kimya, si kelele tu: pumzi inakatika? Unashtuka ukitafuta hewa? Na wewe jipime mchana: bado unasinzia ukiwa umekaa tu? Zile kilo ulizopoteza kwa uji, jaribu kuziacha zilipoenda, ju uzito ukirudi shingoni apnea nayo hurudi, hata kwa mtu aliyefaulu mwaka wa kwanza.

Majibu yakitoka chini ya 5, umetoboa. Yakitoka 15 au zaidi, si kwamba ulikatwa bure. Wengine baada ya oparesheni wanatumia CPAP kwa presha ya chini na wanaivumilia kuliko zamani, na kuna vifaa vya kuvaa mdomoni vinavyosogeza taya mbele. Kwa hivyo ka una mashine imekaa chini ya kitanda, usiiuze mtandaoni kabla ya hayo majibu.